Kifaa cha kuchomeka kwenye sensa hakipunguzi ulaji wa mafuta

Wapo madereva wa bodaboda Dodoma wanaoamini kwamba kifaa cha bei nafuu kinachochomekwa kwenye sensa ya joto la hewa (kipimajoto cha hewa inayoingia kwenye injini) huongeza nguvu na kupunguza ulaji wa petroli. Mara nyingi ndani yake mna rezista tu, kijipande kinachozuia mkondo wa umeme. Huifanya kompyuta ya injini idhani hewa ni ya baridi, yaani nzito zaidi, hivyo iongeze petroli badala ya kuipunguza. Pikipiki ya kabureta, inayochanganya petroli na hewa bila kompyuta, haina hata pa kukichomeka.

Pima mwenyewe: jaza tangi, piga kazi siku mbili, jaza tena sheli ileile, gawanya kilomita kwa lita. Rudia bila kifaa. Fungua na plagi ya injini. Masizi meusi makavu huashiria mafuta yamezidi. Kwa vumbi letu hili, pesa hiyo ningeiweka kwenye chujio la hewa.