Shahada ya udaktari ya mtandaoni kwa wakutubi: yanayosemwa na yalivyo

Oktoba 2023 gavana wa California alitia saini sheria iitwayo AB 656, inayovipa vyuo vya California State University, mmoja wa mifumo ya vyuo vikuu vya umma jimboni humo, ruhusa ya kutoa shahada za udaktari wa kitaaluma, yaani udaktari unaolenga kazi (professional doctorate). Kwa miongo mingi kabla ya hapo, chini ya mpango mkuu wa elimu ya juu wa 1960, udaktari katika vyuo vya umma ulikuwa mali ya mfumo mwingine, University of California, na California State University iliruhusiwa kwa fani chache tu. Miongoni mwa vyuo vya California State University kimo San José State University, ambacho shahada yake ya uzamili ya ukutubi husomwa mtandaoni mwanzo hadi mwisho. Haishangazi basi kwamba wakutubi wanazungumzia udaktari wa mtandaoni katika uongozi wa taarifa na ushirikishwaji wa jamii. Maneno ni mengi, na mengine hayana miguu.

"Ni PhD ya njia ya mkato"

Hapana, ni shahada yenye swali jingine. Mwanafunzi wa PhD huulizwa ni jambo gani fani yake bado haijalijua. Wa udaktari wa kitaaluma huulizwa kazini kwake kuna tatizo gani sugu, limetoka wapi, na nini kinabadilika akilishughulikia kwa ushahidi. Wala si mtindo uliozaliwa na intaneti: Harvard ilianzisha udaktari wa elimu, Ed.D., mwaka 1920. Tangu 2007 vyuo kadhaa vya Marekani vimeungana katika Carnegie Project on the Education Doctorate, vikisisitiza kwamba tasnifu ya shahada hiyo itokane na tatizo la kazini.

Ndiyo maana nasema wazi: kama huna kazi ya kuichunguza, shahada hii haikufai. Mtu anayetaka kuikimbia maktaba yake kwa miaka michache na atafute PhD ya kawaida. Huku maktaba yako ndiyo maabara, na bosi wako, bajeti yako na wasomaji wasiokuja ndio data.

"Kushirikisha jamii ni kuandaa shughuli"

Tamasha la vitabu, picha za mgeni rasmi, ripoti kwa mfadhili. Hii ndiyo dhana inayoniudhi kuliko zote, kwa sababu hata viongozi wa maktaba wanaiamini.

Tazama Ferguson, mji mdogo wa Missouri. Agosti 2014, baada ya polisi kumuua kijana Michael Brown, maandamano yalizuka na shule zikachelewa kufunguliwa. Maktaba ya mji haikufunga milango. Walimu waliojitolea walifundishia watoto humo, na wafanyabiashara walioathirika wakapata mahali pa kuombea mikopo ya dharura. Ghasia ziliporudi Novemba na shule kufungwa tena, maktaba ilibaki wazi, na watoto wakaazimwa mikoba yenye vitabu na midoli ya kuwafariji. Mkurugenzi wake, Scott Bonner, ndiye aliyekuwa mkutubi pekee wa kudumu pale. Mwaka 2015 jarida la Library Journal liliitangaza maktaba hiyo kuwa maktaba ya mwaka.

Magazeti yaliona ushujaa. Mtafiti wa udaktari huu anatakiwa kuona mengine: nani alikuwa na mamlaka ya kuamua mlango ubaki wazi? Walimu walimjuaje mkurugenzi hata wakamwendea? Ni wakazi gani hawakuja hata siku hizo, na kwa nini? Michango iliyomiminika ilitumikaje kelele zilipotulia? Maswali hayo hayajibiwi kwa dodoso la kuridhika kwa wateja. Yanataka kukaa na watu, kuwapa nafasi ya kuamua kitafitiwe nini, na kuwarudishia matokeo kwa namna wanayoweza kuitumia.

Hapo pia pana ugumu ambao wengi hawautarajii. Ukiwahoji wafanyakazi walio chini yako, wanaweza kukataa kweli? Kamati ya maadili ya chuo italiuliza swali hilo kabla hujamhoji mtu hata mmoja. Na ukifanya utafiti Kenya utahitaji pia leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, hata kama chuo chako kiko upande wa pili wa dunia.

"Mtandaoni ni mteremko"

Darasa la moja kwa moja linaloanza saa kumi na mbili jioni California ni saa kumi na moja alfajiri Dar es Salaam, na wao wakisogeza saa zao majira ya joto, ni saa kumi. Halafu asubuhi ileile unaenda kazini.

"Chuo kitakulipia"

Mkanganyiko huu unaumiza mifuko. Wanafunzi wengi wa PhD wa kutwa Marekani husamehewa ada na hupewa posho kwa kufundisha au kusaidia utafiti. Udaktari wa kitaaluma kwa kawaida hulipiwa na mwanafunzi mwenyewe au mwajiri wake, kwa hesabu kwamba ana mshahara. Na viza usiitegemee: kozi ya mtandaoni pekee haikupi viza ya mwanafunzi.

"Hakikisha imeidhinishwa na ALA"

Ushauri huu hutolewa kwa nia njema, ila ALA, yaani Chama cha Maktaba cha Marekani, huidhinisha shahada za uzamili za ukutubi, si za udaktari. Ukiambiwa na wakala kuwa udaktari wake una ithibati ya ALA, shika pochi yako. Kinachoulizwa ni ithibati ya chuo chenyewe. Kwa vyuo vya California chombo kikuu cha kuitoa ni WSCUC.

Kuna swali la pili, la huku nyumbani. Shahada za nje hutambuliwa na tume za vyuo vikuu, TCU Tanzania na CUE Kenya, na mwajiri anaweza kudai barua ya utambuzi huo. Anayelenga kufundisha chuo kikuu aulize mapema zaidi, kwa sababu matangazo ya kazi ya mhadhiri mara nyingi hutaja PhD kwa jina, na si kila kamati ya ajira itaupokea udaktari wa kitaaluma kama kitu kilekile. Uliza kwa maandishi, upate jibu kwa maandishi, ndipo ulipe ada ya muhula wa kwanza.