Ndege ya Mbao Iliyofundisha Marubani: Muundo na Matoleo ya Moth

Mbunifu wa ndege Mwingereza Geoffrey de Havilland aliporusha ndege yake, DH.60 Moth, kwa mara ya kwanza, tarehe 22 Februari 1925, katika uwanja wa ndege wa Stag Lane, London, alikuwa akitafuta ndege ambayo klabu ya kawaida ya urubani ingeweza kuinunua na kuitunza. Mbao zilimfaa. Kiwiliwili kilikuwa fremu ya mbao iliyofunikwa plaiwudi. Mabawa, moja juu ya jingine, yalikuwa na mbavu za mbao zilizovikwa kitambaa, na yalikunjwa kuelekea nyuma ili ndege ienee katika banda dogo. Fundi seremala mwenye vifaa vyake aliweza kutengeneza sehemu iliyovunjika. Adui mkubwa alikuwa unyevu, kwani maji yakipenya kwenye maungio, gundi ya siku zile huachia.

Injini ndiyo iliyoleta mabadiliko ya mwanzo. Ile ya kwanza, Cirrus ya nguvu farasi 60, mhandisi Frank Halford aliibuni kutokana na nusu ya injini ya Renault ya silinda 8 iliyobaki baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Akiba ya injini hizo za Renault ilipoelekea kwisha, kampuni ya de Havilland ikaunda injini yake yenyewe, na mwaka 1928 ikatoka DH.60G Gipsy Moth. Shirika la ndege la Wilson Airways la Nairobi lilianza na ndege ya aina hiyo mwaka 1929; mwaka uliofuata rubani Mwingereza Amy Johnson akairusha ya kwake peke yake kutoka Uingereza hadi Australia. Toleo la DH.60M lilitumia mabomba ya chuma kwenye kiwiliwili.

Kwa mhandisi, somo zuri kuliko yote ni Tiger Moth ya 1931, ambayo mabawa yake yalibaki ya mbao. Katika Moth, mwalimu aliyeketi kiti cha mbele alizingirwa na nguzo zinazobeba bawa la juu, hivyo kuruka na parachuti kulikuwa kugumu mno. Nguzo zikasogezwa mbele pamoja na bawa lenyewe. Lakini bawa likisogea, nguvu ya kunyanyua nayo husogea, na ndege hupoteza ulinganifu wake. Dawa ikawa kuyalaza mabawa kuelekea nyuma. Kwa hiyo mshazari ule unaoonekana kama pambo ulitokana na hesabu ya kumwokoa mwalimu. Baadaye bawa la chini nalo likainuliwa zaidi kwenye ncha, maana lilikuwa karibu mno na ardhi.