Kompyuta imekaa tu, joto linatoka wapi?

Mwezi wa pili, Dar ikiwa na jua lake mnalolijua, alinipigia kijana mmoja wa Sinza anayehariri video za harusi. "Fundi, nitafutie feni kubwa zaidi. Hiki chumba hakikaliki." Nikamuuliza joto linazidi akiwa anatoa video? "Hapana kaka. Hata nikiwa sijagusa kitu. Imewaka tu."

Hapo nikajua feni si dawa yake.

Nilimkuta kafungua kava ubavu mmoja, kaelekezea ndani feni ya mezani. Programu ya kupima joto ilisema prosesa (chipu kuu inayofanya hesabu) ina nyuzi 44, kiwango kisichomtisha fundi yeyote. Na hapa ndipo wengi wanapopotea: nyuzi za prosesa ni jambo moja, joto linalomwagwa chumbani ni jambo jingine. Feni kubwa au pesti mpya ya kupitishia joto huhamisha joto haraka zaidi kutoka kwenye chipu kuja kwako uliyekaa kitini. Joto lenyewe halijapungua. Karibu kila wati inayoingia kwenye kava kwa waya wa soketi hutoka ikiwa joto, kwa hiyo cha kuuliza ni inavuta wati ngapi.

Nina kipimo kidogo cha kuchomeka kati ya soketi na waya wa mashine. Nakithamini kuliko bisibisi zangu zote, maana programu za ndani ya kompyuta hazioni pawa saplai (kifaa kinachogawa umeme ndani ya mashine) inapoteza nini wala mazabodi, yaani bodi kuu, inakula nini. Nilichomeka kava peke yake (lile ambalo wateja wangu wote huliita "CPU", nimeshachoka kusahihisha), monita nikaziacha kwenye soketi nyingine. Tukawasha, tukakaa dakika kumi na soda mkononi. Usipime mashine mara tu inapowaka. Windows inakuwa bado na pilika zake za chinichini, kukagua virusi na kupanga orodha ya mafaili. Ilipotulia, kipimo kikasimama kwenye wati 118.

Mtu mzima aliyekaa kimya hutoa joto la kama wati 100. Yaani jamaa alikuwa anaishi na mgeni kwenye chumba cha mita tatu kwa tatu, mgeni asiyeongea na asiyeaga.

Mashine yenyewe: Ryzen 5 3600, kadi ya grafiki GTX 1660, pawa saplai ya wati 750, hadidiski tatu, monita mbili. Ya namna hiyo, ikiwa haina kazi, naitegemea iwe kwenye wati 50 na kitu, 60 ikizidi sana.

"Nani alikufungia?"

"Shemeji. Aliangalia video moja akazima vile vitu vinavyopunguza spidi."

Basi. Prosesa ya kisasa haisubiri uizime ndipo ipumzike. Inasinzia katikati ya kazi, mamia ya mara kwa sekunde, hata kati ya herufi moja na nyingine unapochapa. Ngazi za usingizi huo huitwa C-states. Kwenye C0 kiini (kimojawapo cha vipande vya prosesa vinavyofanya hesabu) kiko macho kinafanya kazi. C1 ni kama kufumba macho tu, ukikiita kinaitika hapohapo. Ukishuka hadi C6, kiini kinaweka kumbukumbu zake pembeni kisha kinakatiwa umeme. Kuamka kutoka huko huchukua sehemu ndogo ya elfu moja ya sekunde. Hakuna mhariri wa harusi anayeweza kuliona hilo, lakini shemeji alizima ngazi zote kwenye BIOS (mipangilio ya mashine kabla Windows haijawaka), halafu kwenye Windows akaweka mpangilio wa High performance ili mashine isishushe mwendo kamwe.

Kosa hilo la pili linauma kwa sababu ya volteji. Mwendo ukishuka, volteji nayo hushuka, na umeme unaoliwa na saketi zinazofanya kazi huenda kwa mraba wa volteji. Punguza volteji kwa asilimia 20 tu, matumizi yanapungua kwa asilimia 36, hata kabla hujahesabu mwendo wenyewe. Nikarudisha C-states kwenye BIOS, nikarudisha mpangilio wa Balanced. Wati 93. Nilijaribu kutoa kipande cha video kabla na baada, muda ulikuwa uleule.

Chanzo kilichofuata kilinifurahisha zaidi, maana hakuna aliyekikosea. Monita moja ilikuwa ya Hz 144, yaani huchora picha mara 144 kwa sekunde, nyingine Hz 60. Kadi ya grafiki hubadilisha mwendo wa memori yake katika ule muda mfupi sana skrini inapomaliza picha moja kabla ya kuanza nyingine. Ikibadilisha nje ya nafasi hiyo, picha hurukaruka. Skrini mbili zenye mapigo yasiyolingana hazipati nafasi hiyo kwa pamoja, kwa hiyo kadi inaamua bora memori ibaki mbio muda wote. Tulifungua programu ya kusoma kadi: memori MHz 4001, na kwenye skrini kuna picha ya mezani tu. Nikashusha ile monita ya 144 hadi 120, ambayo ni 60 mara mbili kamili. Namba ikaanguka palepale hadi 405. Kijana akacheka. Kipimo: wati 74. Ujanja huu haufanyi kazi kwa kila kadi na kila draiva (programu inayoendesha kifaa), ila kuujaribu hakugharimu shilingi.

Hadidiski sina mengi. Ya inchi 3.5 inayozunguka bila kusoma chochote hula kama wati 4 hadi 6. Zake mbili zilikuwa na harusi za mwaka juzi. Tukazichomoa, akaziweka kabatini. Tukaishia wati 63.

Hapo nikasimama, na nitawaambia kwa nini sikugusa pawa saplai. Ilikuwa na nembo ya dhahabu ya 80 PLUS, ile ya kuonyesha kuwa haipotezi umeme mwingi, na yeye akaitegemea hiyo. Nembo hiyo hupimwa kwenye asilimia 20, 50 na 100 ya uwezo. Kipimo cha asilimia 10 kimo kwenye daraja la juu la Titanium, si la dhahabu. Asilimia 20 ya 750 ni wati 150. Mashine iliyokaa tu kwenye wati 60 iko chini kabisa ya hapo, mahali ambapo dhahabu haikuahidi kitu. Kwa anayenunua leo kwa mashine kama hii ningesema wati 500 zinamtosha. Lakini kutupa nzima ili kuokoa wati nne tano ni hasara. Wati nyingine zilizobaki ni za prosesa yenyewe: Ryzen za kizazi hicho zina kipande cha pili cha silikoni kinachoshughulikia memori na milango, na hicho usingizi wake ni mwepesi hata viini vikilala fofofo. Huna la kufanya.

Pesa je? Tumeshusha wati 55. Mashine yake inakaa bila kazi kama saa nane kwa siku. Kwa mwezi ni uniti 13 na ushee; ukichukulia uniti shilingi 350, inakuja kama 4,600 kwenye LUKU. Si utajiri, na fundi anayekuahidi bili kukatika nusu kwa njia hii anakudanganya. Nafuu yenyewe ni chumba, na mwenye kiyoyozi anaokoa mara mbili, kwa kuwa kila wati ya joto inahitaji umeme mwingine wa kuitoa nje.

Kabla ya kuondoka niliiwekea ilale yenyewe baada ya dakika 20. Kulala hushinda marekebisho yote hayo: inabaki kwenye wati mbili tatu. Kipimo nikamwachia.

Wiki iliyofuata simu. "Kaka, hailali. Nimeenda kula nimerudi, namba ni ileile." Nikamwambia afungue dirisha la amri kwa ruhusa ya msimamizi, aandike powercfg /requests, anisomee. Orodha hiyo hutaja nani anazuia usingizi. Akasoma kwa kusitasita: draiva ya sauti, kuna sauti inatumika.

"Lakini spika nimezima tangu asubuhi."

Spika alizima kweli. Redio ya mtandaoni ilikuwa bado inaimba kwenye kichupo cha kumi na saba cha kivinjari.