Alama ya CE kwenye chaja haimaanishi imepimwa Ulaya
Jamani hii ya "chaja ina CE, imepimwa Ulaya, we nunua tu" imezunguka miaka na miaka, tuiweke sawa. Kwa chaja, pasi na vifaa vingi vya umeme vya nyumbani, ile CE anaiweka mwenye kiwanda mwenyewe, anatakiwa apime bidhaa yake au alipe maabara, aandae makaratasi halafu asaini tamko kwamba amefuata sheria za Ulaya, hakuna ofisi ya serikali inayogonga muhuri kwanza. Na bandarini kwetu CE peke yake haitoshi, KEBS (shirika la viwango la Kenya) tangu 2005 na TBS (la Tanzania) tangu 2012 wana utaratibu wao wa kukagua mzigo kabla haujasafirishwa.

Nchi kukubali alama ya nchi nyingine kupo, ila ni ndani ya Afrika Mashariki, sheria ya jumuiya ya 2006 inataka alama ya ubora ya nchi moja ikubalike kwa wenzake, yaani nembo ya TBS iheshimiwe mpaka Nairobi.

Dukani igeuze chaja usome, volti za umeme unaoingia (INPUT) zifike 230, jina la mtengenezaji liwepo, namba ya modeli pia. Ukikuta CE tu bila jina la mtu yeyote, iache hapohapo kaunta.