Maana ya kimelea, kwa mlaji wa samaki wa ziwani

Mvua ikizidi na mukene, yaani dagaa wa ziwani, wakachelewa kukauka, picha zilezile huanza kuzunguka kwenye makundi ya WhatsApp: funza weupe juu ya dagaa, na chini yake onyo kwamba samaki wa Ziwa Viktoria wana vimelea, watu waache kuwala. Wiki inayofuata neno hilohilo limebandikwa kwa samaki aliyeoza, kwa kipindupindu, hata kwa kichocho. Likishabeba yote hayo, mlaji hajui tena aogope nini.

Kimelea ni kiumbe kinachoishi ndani ya kiumbe kingine au juu yake, kikipata chakula humo huku mwenyeji wake akipata hasara. Basi, maana ni hiyo tu. Kazi iko kwenye kutofautisha.

Funza wa kwenye picha hawamo katika maana hiyo. Nzi ametaga mayai baada ya samaki kufa, mara nyingi kwa sababu mzigo ulianikwa chini au ulinyeshewa kabla haujakauka. Samaki alipokuwa hai funza hao hawakuwepo. Vivyo hivyo wale wadudu wadogo weusi wanaotoboatoboa samaki wa moshi ndani ya magunia: ni waharibifu wa ghala, ndugu wa wale wa kwenye mahindi. Wote wanakuambia jinsi samaki alivyotunzwa. Habari za ziwa hawana.

Bakteria ni suala jingine kabisa. Ulaya ilipozuia samaki wa Uganda mwishoni mwa miaka ya 1990, sababu zilizotolewa zilikuwa salmonela, hofu ya kipindupindu, na mwaka 1999 uvuvi wa kutumia sumu. Minyoo haikutajwa. Na tofauti hii si ya darasani tu: moto unaua mnyoo na unaua bakteria, lakini baadhi ya sumu ambazo bakteria wameshaziacha kwenye nyama haziondoki hata ukichemsha saa nzima. Kwa hiyo ngege (sato) aliyevuliwa asubuhi na kukutwa na mnyoo tumboni ni salama zaidi, akipikwa, kuliko ngege asiye na mnyoo hata mmoja aliyeshinda juani bila barafu.

Kichocho nacho kinaletwa na kimelea kweli, ila samaki hahusiki. Lava wake, yaani kimelea kikiwa bado kichanga, hutoka kwa konokono wa majini na kupenya ngozi ya mtu aliyeingia ziwani. Wavuvi wa Ziwa Albert na wa visiwa vya Viktoria wanaugua sana kwa sababu wanasimama majini, si kwa sababu wanakula samaki. Hukipati kichocho kwa kula mputa (sangara), awe ameiva au hajaiva. Maji ya kuoshea samaki pale mwaloni, samaki wanaposhushwa, ukiyakanyaga pekupeku, ndiyo ya kuyafikiria.

Tukishawaondoa hao, wanabaki vimelea wenyewe, na hapa ndipo wengi wanaruka hatua muhimu. Kimelea hakiishi popote tu. Mara nyingi kina mwenyeji wa kati, anayekibeba kikiwa bado kichanga, na mwenyeji wa mwisho, ambaye ndani yake kinakomaa na kutaga mayai. Vingi vinavyoonekana kwa macho katika samaki wetu vinamtumia samaki kama kituo cha njiani, na safari yao inaishia kwa ndege.

Chukua mukene. Ukiwachambua wabichi kabla ya kuanikwa utamkuta mmoja mwenye tumbo lililovimba isivyo kawaida. Lipasue: anatoka tegu mweupe, bapa, mnene kuliko unavyotarajia, wakati mwingine mrefu kumshinda samaki mwenyewe, na bado anajinyonganyonga. Huyo ni Ligula. Mayai yake huangushwa majini na kinyesi cha ndege. Lava humezwa na kijidudu kidogo cha majini, kijidudu humezwa na mukene, na tegu anakua tumboni hadi samaki anashindwa kuzaa. Mnandi, ndege mla samaki, akimla mukene huyo, tegu anakomaa ndani ya siku chache, anataga, na mzunguko unaanza upya. Si tegu wa binadamu. Tegu wa watu tunawapata kwenye nyama ya ng'ombe au ya nguruwe isiyoiva, na kumsingizia dagaa ni kumwonea.

Kwa kambale, angalia uwazi wa tumbo: mnyoo mwembamba wa mviringo, mweupe au mwekundu hafifu, amejikunja kama springi. Ni Contracaecum, anayesubiri mnandi au yule ndege mwari. Kwa ngege hupenda kukaa karibu na moyo na matamvua. Vile vifuko vya njano, vya milimita chache, vilivyo chini ya kifuniko cha tamvua, kooni au kwenye nyama, ni Clinostomum, na huyo anasubiri korongo. Muuzaji akikuambia ni mafuta, si kweli, lakini hajakuuzia sumu.

Sasa kosa la upande wa pili, ambalo naliona baya zaidi. Watu wakisikia kwamba mnyoo ni wa ndege, wanahitimisha kwamba hata samaki mbichi hana neno. Hapana. Mnyoo akijikuta kwa mwenyeji asiye wake si lazima afe kwa adabu. Anaweza kupotea njia na kuhangaika mwilini. Clinostomum amewahi kukutwa kwenye koo za watu huko Japani na Korea waliokula samaki wabichi wa maji baridi. Gnathostoma, ambaye mwenyeji wake wa mwisho ni paka au mbwa, huzunguka chini ya ngozi ya mtu na kuacha uvimbe unaohamahama. Watalii wameshampata kwa kula samaki wabichi Botswana. Na wapo wanaomkubali mtu moja kwa moja: minyoo bapa ya ini ya Thailand na Laos, inayohusishwa na saratani ya mirija ya nyongo, na Heterophyes wa Misri, anayeingia kwa samaki waliotiwa chumvi kidogo. Mto ni huuhuu wa Nile, unaotoka ziwani kwetu pale Jinja, Uganda. Kilichotukinga sisi zaidi ni desturi ya jikoni: samaki wetu anachemshwa, anakaangwa au anafukizwa kwenye tanuru la moto hadi anaiva.

Kwa hiyo jibu la "ni salama?" liko kwenye joto. Nyama ya katikati, ile inayogusa mfupa, ifike nyuzi 60 za Selsiasi na kukaa hapo walau dakika moja. Kipande chenye unene wa sentimita 2.5 huchukua kama dakika 10 kwa moto wa wastani. Tatizo huja kwa ngege mzima wa kukaanga: mafuta yakiwa makali mno, ngozi inakuwa kahawia na kukauka huku mfupani bado ni kubichi. Mchanje kila upande mikato mitatu au minne hadi kisu kiguse mfupa, kisha punguza moto. Iliyoiva ni nyeupe, haipitishi mwanga, inameguka na kuachana na mfupa bila kuvutwa. Ukiona damu nyekundu kwenye uti wa mgongo, mrudishe kikaangoni.

Limau haliui. Linaigeuza nyama kuwa nyeupe, na macho yanadanganyika kwamba imeiva, lakini lava yumo hai. Siki vilevile. Chumvi na jua hupunguza tu. Friza inaua ikifika nyuzi 20 chini ya sifuri na samaki akakaa humo siku saba. Friza ya nyumbani inayofunguliwa kila saa, na umeme unaokatika, usiihesabie.

Toa matumbo mapema, usiache hadi jioni, na ukwangue ule utando wa ndani ya tumbo. Kata vifuko vya njano na uvitupe, kwa sababu ya kinyaa zaidi kuliko hatari. Ubao na kisu uvioshe kwa maji ya moto na sabuni kabla ya kukatia kachumbari, maana kachumbari haipiti motoni.

Ukikuta utepe mweupe ndani ya mukene, basi, mwite tegu wa ndege na uendelee kupika. Ukikuta funza, waite funza, na mzigo urudi kwa aliyekuuzia.