Cheti cha kweli, mtu siye: navyomkagua mkandarasi kabla hela haijatoka

Mi ni mkadiriaji majenzi, yaani kazi yangu ni kuhesabu nyumba kabla haijasimama, mifuko ya saruji, tripu za mchanga, nondo, mbao za kupaulia, niko hapa Tanga mjini mwaka wa kumi na moja sasa. Ila simu ninazopigiwa nyingi wala sio za makadirio. Ni mtu anauliza, dada, kuna mkandarasi kaletwa na shemeji, ana vyeti vyote, nimpe kazi? Na mi narudisha swali, vyeti vyote ndo vipi hivyo? Hapo simu inakuwa kimya kidogo halafu unasikia karatasi zinapekuliwa.

Mara nyingi kinachopekuliwa ni vitu vitatu: cheti cha BRELA, wale wanaosajili kampuni, TIN, yaani namba ya mlipakodi, na leseni ya biashara. Vyote vya halali kabisa na vyote havina uhusiano na kujua kujenga. BRELA inakwambia kampuni ipo na ina jina. TIN inakwambia TRA, watu wa kodi, wanamjua. Leseni ya biashara inakwambia kalipia kufanya biashara. Hata mimi naweza kufungua kampuni wiki ijayo nikaiita jina la ujenzi nikapata vyote hivyo, na sijawahi kushika mwiko wa kupiga plasta maisha yangu yote.

Cha mkandarasi ni usajili wa CRB, Bodi ya Usajili wa Makandarasi, ipo kwa sheria ya mwaka 1997. Huo usajili una mambo mawili ndani yake ambayo watu huwa hawayasomi, aina na daraja. Aina ni kazi gani karuhusiwa: wapo wa majengo, wapo wa barabara na madaraja na mitaro, wapo wa umeme, wapo wa mitambo, wapo wa kazi maalumu. Wa majengo wana madaraja saba, la 7 ndo la chini na la 1 ndo la juu, na kila daraja lina kikomo cha thamani ya kazi moja isipokuwa la 1 ambalo halina kikomo. Sasa utakuta mtu kaleta cheti kizuri kabisa cha mkandarasi wa barabara anataka kukujengea ghorofa mbili Raskazone, ukimuuliza anakwambia ujenzi ni ujenzi tu dada. Hapana bwana. Au ana daraja la 7 na makadirio yako yameshapita kikomo chake mara mbili, na yeye anakushauri muigawe kazi kwenye mikataba miwili ili ienee. Akisema hivyo we maliza chai yako umuage.

Halafu kuna mwaka. Cheti kilichopo ukutani hakichakai, ila usajili unalipiwa ada kila mwaka na bodi inafuta kampuni ambazo hazilipi, kwa hiyo unaweza ukaonyeshwa karatasi ya kweli yenye muhuri wa kweli ya kampuni ambayo bodi ilishaifuta zamani. Karatasi haijui kama imefutwa. Ndo maana mi karatasi siangalii sana, naangalia namba tu, naingia kwenye tovuti ya CRB kutafuta hilo jina, nikishindwa nawapigia. Kuuliza ni bure na hawakushangai.

Sasa nifike kwenye lile lililonifundisha, maana mpaka hapo hata mimi nilikuwa najiona mjanja.

Shangazi yangu ana kiwanja Sahare, kilirithiwa, akaamua ajenge nyumba ya kupangisha, chini fremu za maduka juu vyumba. Akapata mtu. Nikaenda jioni nikamkuta yule bwana kakaa barazani, shati limepigwa pasi, katandaza vyeti vyake juu ya sinia lile la chai, vimepigwa lamineshini vinang'aa, mkate wa ajemi umesogezwa pembeni ili nafasi ipatikane. Shangazi ananiambia, "Mwanangu we ndo msomi, vitazame." Nikavitazama. Nikatoa simu pale pale nikatafuta jina la kampuni, ipo, ya majengo, daraja linatosha, mwaka umelipiwa. Nikamwambia shangazi kiko sawa. Nilisema hivyo mimi kwa mdomo wangu, "shangazi, huyu yuko sawa."

Kampuni ndo ilikuwa sawa. Yule bwana hakuwa kampuni.

Tulikuja kujua slabu imeshamwagwa. Siku ya nane mirunda, zile nguzo za miti za kushikilia slabu, ikatolewa kwa sababu ilikuwa inatakiwa saiti nyingine, na mtu yeyote wa zege atakwambia slabu ya upana ule unaiachia mirunda yake hata wiki tatu, zege lenyewe nguvu yake tunaipima siku ya 28. Nikaitwa kuangalia kwa nini dari la fremu ya kati "limelala". Nikafika na futi kamba, nikavuta uzi ukuta mpaka ukuta, katikati uzi na zege vimeachana upana wa vidole viwili. Kwa chini nondo zinaonekana, unaziona kabisa kama mbavu, kwa sababu hawakuweka vile vitofali vidogo vya zege vya kuzinyanyua wakati wa kumwaga, zimelala juu ya mbao moja kwa moja. Na pale bahari unaisikia. Upepo wa chumvi ukikuta nondo iko wazi haufanyi masihara, kutu imeshaanza rangi ya chungwa na nyumba haina hata bati. Nikapima unene wa nondo, michoro inasema milimita 12, iliyopo ni 10.

Nikampigia yule bwana hapokei. Ndo nikafanya kile nilichotakiwa kufanya siku ya sinia, nikatafuta namba ya simu ya kampuni yenyewe, sio ile iliyokuwa kwenye kadi yake. Akapokea mkurugenzi, yuko mkoa mwingine kabisa, mtu mzima ana sauti ya upole, nikamueleza kazi ya Sahare. Kimya. Halafu akasema hana kazi yoyote Tanga. Nikamtajia jina la yule bwana, akavuta pumzi akasema alishawahi kumpa nakala za vyeti wakaombe tenda pamoja, tenda ikakosekana, nakala hazikurudi. Mimi mpaka leo sijui kama yote aliyosema ni kweli, maana kukodisha cheti ni biashara ipo, mtu ana kampuni imesajiliwa amekaa tu, anampa mwenzake aitumie kwa asilimia fulani, likiharibika anasema simjui. Kwa shangazi haikuwa na tofauti. Hela zake zote zilienda kwenye namba ya simu ya mtu binafsi na mkataba ulisainiwa na mtu ambaye hayumo kwenye kampuni. Tuliivunja ile slabu. Kuvunja slabu ni ghali, hakuna anayekwambia hilo, unalipa kuijenga, unalipa kuibomoa, unalipa lori la kifusi.

Kwa hiyo siku hizi nikishaona kampuni ipo na iko hai, hapo ndo naanza kazi, nikiwa na swali moja, huyu aliyekaa mbele yangu ni nani kwenye hii kampuni? Kama ni mkurugenzi, BRELA unalipia utafutaji unapata majina ya wakurugenzi na wanahisa, unafananisha na kitambulisho chake cha NIDA. Kama sio mkurugenzi basi alete hati ya uwakilishi kutoka kampuni, inayotaja kazi yako kwa jina na kiwanja chako kwa namba, iliyosainiwa mbele ya wakili, sio ile ya jumla ya "kwa yeyote anayehusika". Halafu napiga simu kwa namba niliyoitoa mwenyewe kule kwenye bodi au kwenye ofisi yao, nauliza mnamjua fulani, mna kazi Tanga? Na malipo yanaingia akaunti ya benki yenye jina la kampuni. Akikwambia akaunti ina shida kidogo tuma kwenye simu yangu nitawasilisha, basi we huna mkandarasi, una mtu mwenye simu. Na risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, utoke nayo, jina lililopo juu ya risiti nalo linasema kitu.

Kuna njia nyingine naipenda kuliko zote na haina hata intaneti: bango. Kazi ya mkandarasi inatakiwa iwe na bango saiti, mwenye mradi, mkandarasi, mshauri, na bodi inataka mradi usajiliwe kabla haujaanza. Mwambie akupeleke kwenye kazi inayoendelea sasa hivi, sio picha za WhatsApp, picha za majumba ya Dubai kila mtu anazo. Ukifika soma bango, jina la kampuni ndo lile lile? Halafu mwache yeye aongee na mafundi, we zunguka nyuma. Toa ufunguo ukwangue plasta, ikimwagika kama sukari saruji ilipunjwa. Angalia ringi za nguzo zimeachana kiasi gani. Muulize saidia fundi, kaka mnalipwa kila Jumamosi? Uso wake utakujibu. Na kama kuna X nyekundu ukutani ujue mamlaka walishapita hapo, huenda kibali hakikuwepo.

Kibali nacho, watu wanakiona usumbufu wa mwenye kiwanja tu. Ila mkandarasi wa kweli atakuuliza yeye kwanza, kibali kiko wapi, michoro ya mhandisi iko wapi. Kwa ghorofa, ile michoro ya nguzo na slabu inatakiwa iwe na muhuri wa mhandisi aliyesajiliwa ERB, bodi ya wahandisi, na jina lake nalo linatafutika. Anayekwambia tuanze tu, kibali kitatukuta njiani, huyo hata kama daraja lake ni la 1 mi simtaki. Baada ya ghorofa la Kariakoo kuanguka Novemba 16, 2024 nilipigiwa simu na watu watatu wenye maghorofa ambao hawakuwa na mchoro hata mmoja nyumbani, wanataka nije "kuangalia". Nikiangalia kwa macho nitaona nini ndani ya nguzo?

Najua wengi mnaosoma hapa hamjengi ghorofa, mnajenga vyumba vitatu Pongwe au Kange, na mnayemtafuta ni fundi wa labor chaji, yaani unamlipa ufundi tu vifaa unanunua mwenyewe, sio kampuni. Fundi CRB hayumo, usimtafute huko. Yeye muulize cheti cha VETA, vyuo vya ufundi, kama anacho, na kama hana sio mwisho wa dunia, mafundi wazuri kuliko wote ninaowajua mmoja alijifunzia kwa baba yake Ngamiani hajakanyaga darasa. Kwa huyo nataka kitambulisho, nataka nijue anakaa wapi na mwenyekiti wa mtaa anamjua, na nataka nyumba mbili, moja aliyomaliza mwaka huu na moja iliyoshakula mvua za masika hata tatu. Ile ya zamani ndo inasema. Muone mwenye nyumba bila fundi kuwepo umuulize kitu kimoja tu, hela ya mwisho ulimlipa kazi ikiwa imefika wapi? Ukisikia hela iliishia kwenye lenta na nyumba ikapauliwa na mwingine, umeshajibiwa.

Umeme usiuchanganye humo. Anayefunga waya anatakiwa awe na leseni ya EWURA, na fomu ya TANESCO inagongwa muhuri na mkandarasi wa umeme, sasa mchezo ni ule ule wa sinia, anayevuta waya ni kijana mmoja, muhuri umenunuliwa kwa mwingine ambaye nyumba yako hajawahi kuiona. Mwambie mwenye muhuri aje apime mwenyewe uwepo. Mambo ya OSHA, wale wa usalama kazini, na mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, WCF, uliza tu kama kampuni imejisajili, kwa sababu mtu akianguka kwenye jukwaa la mbao mlangoni kwako ndo utakumbuka.

Swali ninaloulizwa sana ni, je nikimuuliza yote haya si atakasirika? Atakasirika, wapo. Mwaka juzi Mabawa nilikaa na mteja wangu, mzee mmoja mstaarabu sana, mkandarasi akaja, nikamuomba kwa adabu tu namba ya usajili na namba ya ofisi yao. Akasema yeye amejenga mji huu kabla mimi sijazaliwa. Nikamwambia sawa baba, shikamoo, ila namba naiomba. Akaamka, akachukua baiskeli yake, chai kaiacha nusu kikombe. Mzee akaniangalia kama nimemfukuzia mgeni, hakunisemesha mpaka nilipoaga. Wiki iliyofuata akaja mwingine na faili chini ya kwapa, kabla hajakaa akauliza, "michoro mnayo?"