Wakulima hawakushusha bei

Yametokea tena. Sentensi ya Kiingereza niliyowapa watafsiri ilikuwa fupi: "The farmers turned down the offer." Ilihusu minada ya korosho ya Oktoba 2018, na huku Mtwara nani asiyekumbuka? Wakulima waligomea bei, mwezi uliofuata serikali ikatangaza itanunua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Mwanafunzi wangu akaandika: wakulima walishusha bei. Watu wa Newala washushe bei ya korosho zao wenyewe! Nilipomuuliza, jibu lilikuwa lile lile la siku zote: "Mwalimu, si turn ni kugeuza na down ni chini?"

Jamani. Ukikata rufaa, kisu kiko wapi? Turn down the offer ni kuikataa. Turn down the radio ni kupunguza sauti, na hiyo ndiyo inayowaponza: wamebahatisha moja, wakadhani wamepata kanuni.

Turn left na turn right sipotezi muda nazo. Kama unaweza kumwelekeza mgeni pale njia panda ya Mnazi Mmoja, Lindi, asiishie Masasi, yatosha. Turn twenty ni kutimiza miaka 20. Twende.

Kinachonikera hasa ni hako ka-it. Turn down the offer, turn the offer down, zote sawa. Ukileta it, nafasi ni moja tu, katikati: turn it down. "Turn down it" naisikia hata kwa wenye vyeti. Basi mtu akilishika hilo, anaichomeka it katikati kila mahali, hata pasipofaa. Turn on ndiyo balaa. Feni, turn it on. Lakini mbwa akikugeukia akakuuma, the dog turned on me. Ole wako useme turned me on: hayo ni mambo ya chumbani, na mbele ya wageni hotelini Mikindani utatafuta pa kuficha uso.

Halafu kuna mahali vitabu vinajitia kujua. Mtu turns pale (anapauka), lakini goes blind (anapofuka). Kwa nini? Eti turn ni ya rangi. Na maziwa je? The milk turned sour, yamechacha, weupe uko pale pale. Kanuni safi sina, na sijaiona kwa mwingine.

Kwangu sasa turn haiandikwi peke yake daftarini. Turn down an offer mstari wake, turn down the radio mstari wake. Anayeandika "turn = geuza" namrudishia daftari.